Kijiji Kilichokalia Meza Yetu

Mwezi uliopita nilikaa saa nzima na ushee nikimsikiliza mwanamume mmoja akizungumzia mtaro. Si mfereji wa maana, rafiki yangu, si wa kupitisha meli wala wa kumwagilia mpunga. Mtaro tu, wa kuondoa maji ya mvua shambani, katika wilaya moja ya Uingereza ambayo wewe na mimi hatutashuka kwenye stesheni yake hata siku moja. Alikuja na picha. Mtaro ukiwa na maji, mtaro ukiwa mkavu, mtaro na mbwa amesimama pembeni. Nilikuwa nimealikwa na mfanyakazi mwenzangu kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la vitabu hapa Brussels, na kwa heshima yake nilijitahidi kuvaa uso wa mtu anayejifunza. Lakini ukumbi ulikuwa na joto, makoti ya sufu yalikuwa yamelowa mvua, na ile harufu ya sufu mbichi ilipochanganyika na chai nyepesi isiyo na hata tangawizi, ikanifika puani, nikacheka. Nilicheka kwa sauti. Bibi mmoja wa mstari wa mbele aligeuka akanitazama kama mtu aliyepiga mluzi msibani.

Laiti angejua. Mimi nimelelewa na watu wa mitaro. Nimewapikia, nimewapokea makoti, nimewasikia wakigombana nusu siku kuhusu jiwe la mpaka. Nawajua kama mtu anavyowajua panya wa nyumba aliyokulia.

Tulikaa ghorofa ya tatu, kwenye mtaa mwembamba unaochepuka kutoka Chaussée d'Ixelles, si mbali na Porte de Namur. Ukifungua dirisha la jikoni, Matonge yote, mtaa wa Wakongo, iliingia ndani bila hodi: mafuta ya nywele, samaki wakavu, ndizi zinazokaangwa, na muziki wa maduka matatu unaopigana. Mama alifanya kazi ya uhasibu kwenye moja ya yale majengo marefu ya vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alitoka kabla hatujaamka na kurudi na miguu iliyovimba. Baba alibaki nyumbani. Hilo lenyewe, kwa Watanzania wa Brussels wa wakati ule, lilikuwa jambo la kuulizwa kwa kunong'ona. Mwanamume mzima, mwenye shahada ya uzamivu, anabaki nyumbani na sufuria.

Hakubaki na sufuria. Alibaki na Kule.

Kule ndilo jina tulilokipa kijiji. Jina lake halisi halikutamkika midomoni mwetu bila kutema mate, kwa hiyo mimi na mdogo wangu wa kike tulikiita Kule, na Mama naye akakiita Kule, ila yeye kwa sauti nyingine. Kilikuwa kijiji cha kondoo na mvua, kaskazini mwa Uingereza, chenye kanisa moja na baa mbili. Baba alifika huko akiwa mwanafunzi. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa Krismasi, wenzake wote wamekwenda kwao, naye hakuwa na pa kwenda, basi mama mwenye nyumba aliyompangisha akamchukua kwa dada yake. Asubuhi ya pili Baba alitoka kutembea. Akafuata njia nzuri, pana, iliyojengewa ukuta wa mawe huku na huku, njia ya kupitisha ng'ombe kumi sambamba, na ghafla njia ikaisha. Mbele yake ua wa miti, na nyuma ya ua shamba tupu. Akaulizia kijijini: njia hii ilikuwa inakwenda wapi? Hakuna aliyejua. Wala hakuna aliyewahi kujiuliza.

Mtu mwenye akili angefika hapo, angeshika kiuno, angerudi kunywa supu. Baba yangu alitumia maisha yake kulijibu swali hilo.

Ramani ya Kule ilikalia meza yetu ya kulia chakula. Yote, kutoka ukingo hadi ukingo, karatasi zilizounganishwa kwa gundi, na juu yake vitabu, penseli, kioo cha kukuzia maandishi. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe hapo. Sisi tulikula sakafuni kwenye mkeka, si kwa sababu ya mila, bali kwa sababu kondoo wa Waingereza waliokufa zamani walikuwa wametuwahi mezani. Wageni walipokuja, Mama aliwaambia, "Karibuni chini, juu kuna wenyewe."

Ninachokikumbuka kwa raha ni Jumatano. Shule za hapa hutoka saa sita siku hiyo. Tulirudi tumelowa, Baba akatupa chai ya tangawizi, kisha tukakaa mkekani kuchambua mahindi ya makande. Mama alinunua mahindi makavu na maharage kwenye maduka ya Matonge. Sisi watu wa Upare, mtu akitupeleka mwezini tutauliza makande yanapatikana wapi. Tulichambua, mahindi yakigonga bakuli la bati, na Baba juu yetu, kioo jichoni, akitutajia majina ya mashamba ya Kule aliyoyageuza Kiswahili: Kona ya Mjane. Mgongo wa Njaa. Kiraka cha Shetani. Shamba la Mbuzi Mmoja. Tulimuuliza mjane alikuwa nani, na Baba alijua. Alijua mumewe alikufa na nini, na nani alimpora ile kona. Mdogo wangu alikuwa akilia kwa ajili ya mjane wa Kule huku hajui hata jina la bibi yake mzaa baba. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida. Mtoto anadhani kila nyumba ina kijiji chake mezani.

Ilikuwa kwenye saluni ndipo nilipogundua kwamba sivyo. Mama alitupeleka kusukwa nywele kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Lubumbashi tuliyemwita Maman kama walivyomwita wote. Mikono yake ilikuwa na nguvu kama koleo, na maswali yake vilevile.

"Bwana yako iko anatumika kazi gani?" alimuuliza Mama siku moja, kichwa changu kikiwa magotini pake.

"Anaandika kitabu," Mama alisema.

"Bon. Kitabu ya Mungu?"

"Hapana. Cha kijiji kimoja cha Uingereza."

Vidole vya Maman vilisimama kwenye nywele zangu. "Ya Bazungu? Juu ya nini? Bazungu habajue kuandika?"

Saluni nzima ilicheka, na Mama alicheka pia, lakini nilimwona kwenye kioo. Kicheko kilikuwa mdomoni tu.

Kwenye sherehe zetu za Jumapili ilikuwa mbaya zaidi, maana huko walicheka kwa adabu. Mzee mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa na tabia ya kumkaribisha Baba kwa sauti kubwa: "Daktari wetu! Vipi, ule utafiti wako wa maendeleo?" Baba akijibu kwamba si wa maendeleo, ni wa malisho ya kijiji cha Uingereza na jinsi wakubwa walivyoyafunga kwa ua wakawafukuza wanyonge, mzee aliitikia, "Safi sana, safi sana," macho yakitafuta sahani ya nyama.

Hao walikuwa wetu, na ujinga wa ndugu unavumilika. Sasa nikueleze wale wasomi wenyewe.

Kulikuwa na kikundi cha Waingereza wa Brussels waliokutana Jumamosi moja ya kila mwezi kusoma historia za wilaya za kwao. Walijiita Duru. Wengi walikuwa wastaafu wa maofisi, watu waliokaa Ubelgiji miaka mingi bila kujifunza kuagiza mkate kwa Kifaransa. Kila mmoja alikuwa na kijiji chake kama mtu anavyokuwa na ugonjwa wake, na kila mmoja alisubiri wengine wamalize kueleza wao ili aeleze wake. Mmoja alijishughulisha na kengele za makanisa. Mwingine alikuwa na nadharia kuhusu daraja. Nadharia yenyewe ilikuwa kwamba daraja lilikuwa mahali pengine kidogo. Mwenyekiti wao, mrefu, shingo kama ya mbuni, alitafiti wilaya ya bibi yake, na kwa namna alivyoisimulia ungedhani Mungu alianzia hapo kuumba, akachoka kabla ya kufika kwingine.

Walikutana kwetu kwa sababu kwetu kulikuwa na sambusa. Usidanganyike na sababu nyingine. Mama alizikaanga Ijumaa usiku baada ya kazi, mimi nikifunga pembe za manda kwa uji wa unga, na Jumamosi zilikwisha kabla mtu hajasema neno la maana. Walimsifu Mama kwa sambusa. Baba aliposoma kurasa zake walisema "la kufurahisha sana," kwa sauti ambayo Mwingereza huitumia mbwa wa mwenzake akikaa chini alipoamriwa. Katika miaka yote ile hakuna aliyelitamka jina la ukoo wetu sawasawa. Watu walioweza kukwambia jinsi jina la kijito lilivyoandikwa kwa namna tisa tofauti walishindwa na silabi tatu za mwenye nyumba.

Namtoa mmoja tu. Kulikuwa na bibi mdogo wa umbo, mwenye kofia ya kufuma asiyoivua hata penye joto, aliyekaa karibu na mlango. Hakuwa na kijiji. Alikuja, nadhani, kwa sababu nyumbani kwake hakukuwa na mtu. Huyo alimwambia Mama "asante" kwa Kiswahili, kila mara.

Nilikuwa na miaka kumi na moja pale habari ilipokuja kwamba Profesa anakuja Brussels. Profesa ndiye aliyesimamia mfululizo wa vitabu vya historia za wilaya ya Kule, na kila kijiji kilichotaka kuhesabiwa kuwa kimeandikwa kilipita mikononi mwake. Baba alikuwa amemtumia sura zote za kitabu chake. Mwenyekiti wa Duru alipanga kila kitu: Profesa atakula kwetu Jumamosi, na hapo atatoa jibu.

Nilimsikia Mama akizungumza na Baba chumbani, mlango ukiwa wazi. "Nimekuwa nikitoka nyumba hii gizani na kurudi gizani," alisema, "na sijakulaumu. Lakini huyu mgeni akishaondoka, nataka kujua kama nina mume mwandishi au nina mume mgonjwa. Kama ni mgonjwa, utaifunga hiyo ramani na utatafuta kazi kama wanaume wengine."

"Ni haki yako," Baba alisema.

Jumamosi hiyo ramani iliondolewa mezani kwa mara ya kwanza tangu nipate akili. Baba aliikunja mwenyewe, akaisimamisha nyuma ya kabati. Mbao iliyokuwa chini yake ilikuwa nyekundu na ya kung'aa kama ya dukani; sikujua kamwe kwamba meza yetu ilikuwa nzuri. Mama alitandika kitambaa cheupe. Maman alipanda na sufuria yake ya pondu, kisamvu cha kwao, na kilemba kipya, akashika jiko kama mtu aliyeteuliwa. Pilau ilinukia hadi kwenye ngazi. Baba alivaa suti ya harusi yake, ikambana tumboni.

Profesa alikuwa mtu mdogo mwekundu mwenye mikono laini sana. Alikula vizuri, hilo nitalisema. Aliisaka nyama katikati ya pilau akaacha wali umekaa peke yake kama yatima. Duru nzima ilikuwa mezani ikimtazama mdomoni. Sisi watoto tulipitisha sahani, na mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni, sikio moja mezani na jingine kwa Maman, ambaye hakujua Kiingereza na alitaka kutafsiriwa kila sentensi. Labda kazi yangu ya ukalimani ilianzia hapo.

Baada ya kuongezewa mara ya pili, Profesa alifuta midomo na kumgeukia Baba.

"Nimezisoma sura zako," alisema. "Kazi safi. Ya kushangaza, kwa kweli."

Baba aliinamisha kichwa. Mama, aliyekuwa amekaa kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliweka mikono mapajani.

"Sina kosa la kukuonyesha," Profesa aliendelea. "Ile njia yako, naamini umeipata. Swali langu ni jingine kabisa. Kwa nini wewe?"

"Sijakuelewa," Baba alisema.

"Namaanisha, hujawahi kufikiria kuandika habari za watu wako? Kijiji chako mwenyewe? Hapo ungetupa kitu ambacho sisi hatuna. Haya ya kwetu..." Alitabasamu akaitazama Duru, nayo ikamrudishia tabasamu. "Haya ya kwetu tunaweza kuyashughulikia wenyewe. Mfululizo una wasomaji wake. Watu wa kule wanapenda kusimuliwa habari zao na mtu wa karibu."

Mwenyekiti mwenye shingo ya mbuni alitikisa kichwa kukubali. "Nimewahi kulifikiria hilo mimi mwenyewe," alisema. Mtu aliyekula sambusa zetu miaka minne.

"Alors?" Maman alininong'oneza. "Anasema nini?"

"Anasema Baba aandike historia ya kwetu. Ya Uingereza wataandika wenyewe."

Maman alishika kiuno. "Mais bao Bazungu banaandika ya kwetu kila siku! Nani aliwaita?"

Hakusema kwa kunong'ona. Mezani hawakuelewa maneno, isipokuwa Baba na Mama.

Baba alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini taratibu, sambamba na uma, kama alivyopanga penseli zake. Nilidhani atalia. Niliwahi kumwona akitokwa machozi kwa ajili ya mjane wa Kule.

"Kwetu pia kuna njia," alisema. "Inashuka mlimani hadi bondeni, ilikokuwa malisho ya babu yangu, na inaishia kwenye mashamba ya mkonge. Ile sikuhitaji kuitafiti, Profesa. Najua nani aliikata. Alikuja na karatasi kutoka kwenu. Nilipoiona njia ya Kule imekatwa vilevile, nilitaka kujua: hivi kabla hawajatufanyia sisi, waliyafanya haya kwa nani kwanza?"

Mtu wa kengele alikohoa. Profesa alitabasamu tena, lile tabasamu la kumtuliza mtoto, akasema, "Hilo, unaona, lingekuwa jambo zuri sana la kuandika," na akanyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama kilichobaki sahanini mwake.

Hakukifikia. Mama alikuwa amesimama. Alizunguka meza, akaichukua sahani ya Profesa kutoka mbele yake, uma ukiwa bado umo.

"Sijamaliza, mama," Profesa alisema.

"Umemaliza," Mama alisema kwa Kiingereza chake cha ofisini, kilichonyooka kama rula.

Wewe ni mtu wa kwetu, sina haja ya kukueleza maana ya kumwondolea mgeni chakula. Nyumbani kwetu aliyetutukana aliendelea kupakuliwa, aliyetuibia alipakuliwa. Sikuwahi kuona jambo kama lile na sijaliona tena. Mama alichukua sahani ya Mwenyekiti. Kisha ya mtu wa daraja. Alizipanga mkononi kama mhudumu wa hoteli, akaniletea mlangoni, akarudi kuchukua nyingine. Baba alimwita kwa jina lake, mara moja, kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Waliondoka. Niliwapa makoti yao yenye harufu, mmoja mmoja, na sikumwambia mtu kwaheri. Mwenyekiti alimwambia Baba ngazini kwamba anaelewa, mambo ya wanawake na uchovu. Baba alifunga mlango kabla hajamaliza.

Tuliporudi sebuleni tulimkuta yule bibi wa kofia amekaa palepale, sahani mbele yake.

"Mimi sijashiba," alisema.

Mama aliketi kwenye kiti alichokuwa amekalia Profesa, akavua viatu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Maman alitoka jikoni na sufuria nzima. "Bon," alisema, "sasa tukule." Tulikula mezani, sisi sote, kwa mara ya kwanza. Baba naye alikula.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilimkuta Mama sebuleni peke yake. Alikuwa ametoa kitambaa, amevuta ramani kutoka nyuma ya kabati, anaitandaza juu ya meza, akilainisha mikunjo kwa kiganja. Yeye aliyekichukia kijiji kile kuliko mtu yeyote duniani.

"Nilidhani atatafuta kazi," nilisema.

"Anayo," Mama alisema. "Nipe ile gundi."

Basi kitabu kikaisha. Bibi wa kofia ndiye aliyekipiga chapa kwenye mashine, kurasa zote, Jumatano baada ya Jumatano, chai ya tangawizi kando yake, na kiwanda kidogo cha uchapaji mjini hapa kikakitoa kwa jalada la kijani lililotoa rangi mkononi. Baba alizibeba nakala kwenye begi la safari, akapanda treni hadi Kule. Alirudi na viatu vimelowa na sauti imekauka. Walikuwa wamemketisha kwenye baa na kubishana naye kuhusu kisima mpaka baa ikafungwa. Watu wa Kule wenyewe, wale ambao Profesa alisema wasingemtaka. Mkulima mmoja alikwenda naye asubuhi kwenye ile njia, akasimama penye ua uliofunga malisho ya zamani, akasema mashamba yale yangekuwa ya kina babu zake. Baba alitusimulia hilo mara nyingi kiasi kwamba tulikimbia chumba.

Mfululizo wa Profesa nao ulitoa kitabu chake cha Kule, miaka baadaye, kilichoandikwa na mwingine. Sura nzima ilihusu njia iliyokatika. Baba yumo, chini ya ukurasa, kwenye tanbihi ya herufi ndogo, jina la ukoo limekosewa. Nilitaka kuchana ukurasa. Baba alinizuia, akaweka kioo juu ya ile tanbihi na kuitazama kwa furaha ya mtu anayetazama picha ya mjukuu. "Wameikubali njia," alisema. Hata leo sijui nimcheke au nimpigie magoti. Wale wengine najua la kuwafanya. Nawadharau, kwa ukamilifu na bila haraka, na umri haujanipunguzia hata chembe.

Baba alifia hapa Brussels. Kabla mwili haujasafirishwa tulikusanyika kwenye ukumbi wa kukodi, Watanzania, Wakenya na majirani wa Matonge, na mwenyekiti wa jumuiya, yule yule mzee wa "safi sana," sasa akitembelea mkongojo, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa Upare, akasoma kwa bidii, akaja Ulaya, "ambako alikuwa mtaalamu mashuhuri wa upimaji wa ardhi."

Nilisimama. Mama alinikamata gauni.

"Kaa."

"Mama, amekosea."

"Amekosea, ndiyo. Utamsahihisha, utaanzia wapi?" Alikuwa akitazama mbele, kwenye jeneza. "Baba yako mwenyewe angeanzia kwenye kanisa, aende kwenye kisima, aje kwenye kondoo. Tungekaa hapa mpaka ndege ituache."

Nilijitahidi, rafiki yangu. Nilibana midomo. Lakini bega la Mama lilikuwa linatikisika, na mdogo wangu upande wa pili alikuwa ameshaficha uso kwenye mkoba, na tukacheka sote watatu mstari wa mbele, hadi Maman aliyekuwa nyuma yetu akaanza kuomboleza kwa nguvu kutusaidia, akidhani tumezidiwa na kilio. Tulikuwa tumezidiwa, kwa kweli. Hatukusahihisha. Wasifu ule ulipelekwa hadi nyumbani, ukasomwa kaburini, na sasa ndiyo historia yake.

Duru imekufa yote. Bibi wa kofia tulimzika sisi, maana hakuwa na mwingine. Profesa naye amekwenda, na magazeti ya huko yalimwandikia vizuri. Maman amefunga saluni, vidole vimemgoma. Mama amerudi Upare, ananipigia simu Jumapili kuniambia bei ya mahindi. Ghorofa yetu ya tatu wanakaa vijana wawili wenye mimea mingi dirishani; nilipita chini yake jioni ile nikitoka kumsikiliza mtu wa mtaro, nikasimama kidogo kwenye mvua. Nilikuwa najiuliza kama jamaa yule, nyumbani kwake, ana mke aliyechoka na watoto wanaokula sakafuni, na kama kuna yeyote kati yao anayejua huo mtaro ulikuwa unapeleka maji wapi. Nilitamani ningemuuliza pale ukumbini, badala ya kucheka.